Askofu Edward Steere, Mjenzi wa Polepole

1. Kupanda mlima

Mtu aondokaye Kidodi alfajiri ili aipande milima ya Vidunda hujua kwamba safari yake ni ya jasho. Akikikazia macho kilele, huona kana kwamba hakikaribii. Kila amalizapo kilima kimoja hutokea kingine mbele yake, na moyo huanza kulegea. Lakini akisimama kidogo kupumua, akageuka nyuma, huliona bonde limekuwa chini yake, na mashamba ya miwa aliyoyapita asubuhi yaonekana kama mkeka uliotandikwa uani. Mlima ni ule ule, na miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni upande anaoutazama anapoipima safari yake.

Kazi nyingi za wanadamu zafanana na mlima huo. Mkulima, fundi, mwalimu na karani hufanya kazi mwaka hata mwaka, na jioni ya kila siku huona kwamba yaliyotendeka ni machache mno. Wengine huiacha kazi njema, si kwa kuwa imewashinda, bali kwa kuwa hawakuona kwamba ilikuwa ikiendelea. Wengine hushikilia kazi isiyoendelea kabisa, wakijifariji kwamba mambo mema huja polepole. Wote wawili wamekosa kujua jambo moja, nalo ni namna ya kuutambua mwendo mdogo.

Katika habari hizi tutasoma maisha ya mtu ambaye karibu kazi zake zote zilikuwa za polepole. Jina lake ni Edward Steere, naye alikuwa Askofu Unguja zamani za Seyyid Barghash. Alikusanya maneno ya Kiswahili moja moja, na tena akajenga kanisa kubwa, jiwe juu ya jiwe, mahali palipokuwa soko la watumwa. Kazi hizo mbili zimedumu hata leo.

2. Wakili aliyekuwa padre

Steere alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, na mtoto akaifuata njia ya baba yake. Alisoma katika chuo cha University College, akafaulu mitihani yake, na mwaka 1850 akapokewa kuwa wakili. Mbele yake palikuwa na kazi ya heshima na mapato mema. Hata hivyo moyo wake haukutulia katika sheria. Aliiacha kazi ya uwakili, na mwaka 1856 akapewa daraja ya ushemasi katika Kanisa la Uingereza.

Kwanza alitumikia katika jimbo la Devon, kisha akaenda Skegness, katika jimbo la Lincolnshire. Watu wa huko walikuwa wakulima na watu wa pwani, na Steere alipatana nao vizuri, kwa sababu hakuona haya kukunja mikono ya shati lake na kufanya kazi pamoja nao. Alipenda kazi za mikono sawasawa na alivyopenda vitabu. Tabia hiyo ilimfaa sana baadaye, kwa maana katika Unguja ilimpasa kuwa mwalimu, mpiga chapa na mwashi, na mara nyingi yote hayo katika juma moja.

Wakati ule Waingereza wengi walikuwa wakizungumza habari za Afrika. Mwaka 1857 Daktari Livingstone alikuwa amewasihi watu wa vyuo vikuu vya Uingereza wapeleke watu na msaada katika nchi alizozipita. Msafara wa kwanza ulitangulia, ukiongozwa na Askofu Mackenzie. Lakini mwaka 1862 Askofu huyo alikufa kwa homa karibu na mto Shire. Aliyechaguliwa kushika mahali pake alikuwa William Tozer, rafiki wa Steere. Steere akakubali kumsindikiza rafiki yake kwa muda mfupi tu. Hakujua kwamba muda huo mfupi ungekuwa maisha yake yote yaliyosalia.

3. Mwaka wa Morumbala

Mwaka 1863 Tozer na Steere waliingia katika mto Zambezi, wakafanya makao yao juu ya mlima uitwao Morumbala. Walitumaini kwamba hewa ya mlimani ingewaepusha na homa. Lakini mlima ule ulikuwa na ukungu na unyevu, wagonjwa hawakupona upesi, na watu wa kufundishwa walikuwa wachache sana. Miezi ikapita. Walipotazama nyuma, hawakuona shule, wala kitabu, wala mwanafunzi wa kutosha kuwa mwanzo wa kazi. Katika mwaka 1864 waliondoka.

Kuondoka huko kuliwaudhi watu wengi, na Livingstone mwenyewe alikasirika, akaona kwamba kazi imetupwa. Watu hupenda kumsifu yule asiyeacha kamwe. Lakini kazi ya polepole na kazi iliyosimama si moja, ijapokuwa kwa mbali zafanana kama mapacha. Kazi ya polepole, hata ikiwa ndogo namna gani, humwachia mtu kitu mkononi ambacho mwezi uliopita hakikuwamo. Kazi iliyosimama humwachia uchovu tu. Kule Morumbala walibaki na uchovu. Tutaona kwamba mahali pa pili palikuwa pagumu vile vile, pengine zaidi, lakini tangu mwezi wa kwanza palikuwa na kitu cha kushika.

4. Watoto watano

Waliwasili Unguja mwezi wa Agosti 1864, katika enzi ya Seyyid Majid. Bandari ilijaa merikebu na majahazi ya Arabuni, Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Karafuu na pembe za ndovu zilileta utajiri mwingi mjini. Lakini bidhaa nyingine iliyouzwa ilikuwa wanadamu. Watu walionyakuliwa bara, wengi wao kutoka pande za ziwa la Nyasa, waliletwa mpaka Kilwa, wakapakiwa majahazini, kisha wakauzwa katika soko la Mkunazini kama mbuzi wauzwavyo mnadani.

Haukupita muda mrefu kabla Seyyid Majid hajawapa wageni hao watoto watano wanaume, waliokuwa wamekamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Kwa mtu aliyeutazama ukubwa wa biashara ile, na maelfu waliopita katika soko lile, watoto watano ni kama punje tano katika ghala. Lakini kwa mtu aliyetoka Morumbala mikono mitupu, watano walikuwa ni watano zaidi ya mwaka uliopita.

Tena watoto wenyewe hawakujua Kiingereza, wala walimu wao hawakujua lugha walizozaliwa nazo. Lugha iliyoweza kuwakutanisha ilikuwa Kiswahili. Basi kabla ya kufundisha lo lote, ilimpasa Steere awe mwanafunzi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na sita, mwenye shahada za juu za sheria, naye alianza kuuliza majina ya vitu kama mtoto mdogo.

5. Neno moja moja

Yatupasa kukumbuka kwamba Waswahili hawakungoja Mzungu awape lugha. Tangu karne nyingi walikuwa na mashairi na tenzi, nao waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Jambo lililokuwa likikosekana ni kitabu cha sarufi na orodha ya maneno ambayo mgeni angeweza kuitumia kujifunzia, na herufi za Kilatini ambazo watoto wa shule wangesomea. Katika kazi hiyo Krapf alikuwa ametangulia. Alikaa Mombasa na Rabai, na mwaka 1850 alitoa kitabu kidogo cha sarufi. Lakini Krapf alijifunza Kimvita, nacho hakilingani kwa kila neno na Kiunguja.

Steere akatafuta walimu katika watu wa mji. Mmoja wao alikuwa Hamisi wa Kayi, mtu aliyejua vizuri hadithi za kale na matumizi ya maneno. Kila siku Steere aliuliza, akasikiliza, akaandika, kisha akarudi kuuliza tena, kwa maana neno lisikikalo mara moja huweza kumdanganya mgeni. Fikirini jinsi lugha yetu inavyomtatiza aijiaye kwa mara ya kwanza. Husikia mtu mkubwa, kisha kiti kikubwa, kisha jiwe kubwa, naye huona kwamba neno moja hubadilika mwanzo wake kila mara kama kinyonga abadilivyo rangi. Mtoto wa Kiswahili hutumia maneno hayo bila kufikiri. Mgeni hana budi kukusanya mifano kumi, na ishirini, na mia, mpaka kanuni iliyojificha ijitokeze yenyewe. Steere alipokwisha kuikusanya mifano yake, aliyagawa majina ya Kiswahili katika makundi manane, akaonyesha jinsi kila kundi liyatawalavyo maneno yanayolifuata.

Pamoja na hayo alikuwa na mashine ya kupiga chapa, na wanafunzi walifundishwa kuitumia. Kazi ya chapa katika siku hizo ilikuwa ya herufi ndogo za risasi, ambazo mtu alizipanga kwa mkono, moja baada ya moja, tena kwa namna ya kinyume, ili zikibandikwa juu ya karatasi zisomeke sawa. Herufi hufanya neno, neno hufanya mstari, mistari hufanya ukurasa. Mpiga chapa hana njia ya mkato. Lakini ana faida moja ambayo watu wengi wa kalamu hawana: jioni huweza kuushika ukurasa wa siku ile mkononi, wino ungali mbichi, na kujua hakika kwamba asubuhi haukuwako.

Steere hakungoja mpaka awe na kitabu kikubwa kilichokamilika. Mwaka 1867 kilitoka kijitabu chake cha maneno ya Kisambaa. Mwaka 1869 yakatoka maneno ya Kingindo, Kizaramo na Kingazija. Baadaye vikafuata vijitabu vya lugha nyingine, Kiyao mwaka 1871 na Kimakonde mwaka 1876. Majina ya vijitabu hivyo yanatufundisha. Vingi vyake hakuviita sarufi wala kamusi. Aliviita makusanyo tu, yaani vitu vilivyookotwa kwa ajili ya kitabu kitakachokuja baadaye. Hakukificha kilichopungua, wala hakukidharau kilichopatikana. Kila kijitabu kilikuwa kama alama iliyopigwa ukutani, kuonyesha kwamba ujenzi umefika hapa.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza, na huko akaendelea na kazi hiyo. Mwaka 1870 vikatoka vitabu viwili vikubwa. Kimoja ni kile cha kufundishia lugha ya Kiswahili kama inenwavyo Unguja, chenye sarufi na orodha za maneno. Cha pili ni cha hadithi za Kiswahili, jinsi zilivyosimuliwa na watu wa Unguja wenyewe. Humo mna hadithi ya Sultani Darai na ile ya punda wa dobi. Tangu neno la kwanza aliloandika mpaka vitabu hivyo ilikuwa imepita miaka sita. Aliyemwona mwaka 1865 akiuliza jina la kata na la kifuu hangalijua kwamba ameona ukurasa wa kitabu kitakachosomwa baada ya kufa kwake.

6. Kanisa mahali pa soko

Mwaka 1872 Steere alirudi Unguja. Mwaka ule ule, mwezi wa Aprili, tufani kubwa ilikipiga kisiwa, ikavunja vyombo bandarini na kuangusha mikarafuu na minazi isiyohesabika. Askofu Tozer alikuwa mgonjwa, na mwaka uliofuata akajiuzulu. Mzigo wa kazi ukamwangukia Steere, na mwaka 1874 akafanywa Askofu.

Katika mwezi wa Juni 1873 lilitokea jambo kubwa. Seyyid Barghash, aliyemrithi ndugu yake Majid, alitia sahihi mapatano na Waingereza, na masoko ya watumwa katika nchi yake yakafungwa. Uwanja wa Mkunazini ukabaki mtupu. Watu wa misioni wakapata uwanja ule. Sehemu moja ilitolewa na tajiri wa Kihindi, jina lake Jairam Senji. Kwanza walijenga banda la makuti, na ndani yake Steere akawa akihubiri kwa Kiswahili, huku watu wa mji wakija kumsikiliza na kuhojiana naye.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1873 liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Mahali pale palikuwa pamejaa machozi, na Steere aliona kwamba panastahili jengo la kudumu. Lakini alikuwa na fedha kidogo, na mafundi wa kutosha hawakuwako. Ukuta ulijengwa kwa mawe ya matumbawe yachimbwayo katika kisiwa chenyewe. Askofu mwenyewe alikuwa msimamizi. Alipima, akaelekeza, akaona kwa macho yake kila safu ya mawe iliyoongezwa juu ya ile ya jana.

Jambo lililowashangaza watu zaidi lilikuwa paa. Steere hakutaka paa la mbao, kwa maana mchwa na unyevu wa pwani huziharibu upesi. Aliazimu kulijenga kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa, yakachanganywa na saruji, na kumwagwa juu ya mbao zilizopindwa kama upinde, mpaka yakauke na kuwa kitu kimoja. Wengi walisema kwamba dari nzito namna hiyo haiwezi kusimama bila nguzo katikati, na kwamba siku mbao zitakapoondolewa itawaangukia watu. Steere hakuwa na njia ya kuwajibu ila kuendelea kidogo kidogo. Mbao zilipoondolewa, paa likasimama. Linasimama hata leo.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1879 kanisa lilifunguliwa kwa ibada. Tangu msingi mpaka kufunguliwa zilipita sikukuu sita za Krismasi. Katika miaka hiyo aliyepita Mkunazini kila siku pengine hakuona tofauti ya leo na jana, kama vile mama asivyoona mtoto wake akikua. Aliyesafiri akarudi baada ya mwaka ndiye aliyesimama na kushangaa. Kwa hiyo yafaa mtu aitazame kazi yake mwenyewe mara kwa mara kwa macho ya msafiri aliyerudi.

7. Mwendo wa watu na wa sheria

Kanisa halikuwa kazi ya pekee ya miaka ile. Mwaka 1875 Steere alikwenda kwa miguu kutoka Lindi mpaka kwa Mataka, mkuu wa Wayao, safari ndefu ya nyika na milima. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani ili wakakae tena bara. Wakakaa Masasi, na hivyo ndivyo kazi ya Masasi ilivyoanza. Pia alikuwa akifasiri Maandiko. Injili ya Mathayo na Zaburi zilitangulia, kisha vitabu vingine vikafuata kimoja kimoja, mpaka akaimaliza kazi ya kufasiri Agano Jipya lote.

Na wale watoto watano? Mmoja wao, John Swedi, aliyeletwa katika jahazi la watumwa bila mtu wa kumtetea, mwaka 1879 alifanywa shemasi. Kutoka mwaka 1864 mpaka 1879 ni miaka kumi na mitano. Kwa hesabu ya soko, mtoto mmoja si kitu. Lakini hesabu ya shule si hesabu ya soko.

Utumwa wenyewe nao haukuondoka kwa siku moja. Soko lilifungwa 1873, lakini wafanya biashara waliendelea kuwapitisha watu kwa siri, na manowari za Waingereza ziliendelea kuyawinda majahazi yao. Waliokuwa watumwa majumbani na mashambani hawakuwekwa huru na mapatano yale. Katika Unguja na Pemba sheria ya kuuondolea utumwa nguvu ilitoka mwaka 1897; katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Yaani tangu kufungwa kwa soko la Mkunazini hata sheria hiyo ya Tanganyika ni miaka arobaini na tisa. Aliyesema mwaka 1873 kwamba utumwa umekwisha alikosea. Na aliyesema kwamba hapana lililotendeka, maadam watumwa wangaliko, huyu naye alikosea. Hatua moja ilikuwa imepigwa, nayo ilikuwa hatua ya kweli, na waliokuja baada yake walianza pale ilipofika.

8. Kifo chake na yaliyofuata

Steere alikufa Unguja, tarehe 27 Agosti 1882, naye alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne. Alizikwa ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya altare. Kazi ya kuifasiri Biblia nzima hakuiona ikimalizika. Wenzake waliichukua mahali alipoiachia, na ilipofika mwaka 1891 Biblia nzima ilikuwa imekwisha pigwa chapa kwa Kiswahili cha Unguja.

Kitabu chake cha lugha nacho hakikufa. A. C. Madan, mtu wa misioni ile ile, alikipitia na kukiongeza. Kisha yeye mwenyewe akatoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Mwaka 1928 ulifanywa mkutano Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili kitakachotumika katika vitabu vya shule za Afrika Mashariki. Mwaka 1930 ikaanza kazi ya Kamati ya lugha ya nchi zote nne, yaani Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda. Mwaka 1939 zikatoka kamusi zilizosimamiwa na Frederick Johnson, ambazo ziliitegemea kazi ya Madan, kama Madan alivyoitegemea kazi ya Steere, na Steere alivyoyategemea maneno ya Hamisi wa Kayi na wenziwe.

Basi mtoto wa Kidodi, ambaye nyumbani kwa bibi yake husikia Kividunda au Kisagara, akifungua kitabu cha shule na kukisoma Kiswahili pasipo taabu, anashika mkononi mwake mwisho wa kamba ndefu sana. Kamba hiyo ilisokotwa na watu wengi, nyuzi kwa nyuzi, na hapana mmoja wao aliyeiona yote.

9. Mafundisho ya maisha haya

Wazee wetu husema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii ni kweli, lakini inamtaka mtu atende jambo moja zaidi, nalo ni kutazama ndani ya kibaba. Asiyetazama huweza kukata tamaa hali kimebakiza kidogo kujaa. Tena huweza kuendelea kutia mwaka mzima katika kibaba chenye tundu.

Kwa hiyo afanyaye kazi, iwe ya jembe, ya cherehani, ya chaki au ya kalamu, afadhali ajiwekee alama za kazi yake. Mkulima na ahesabu matuta aliyoyalima, wala asihesabu pori lililobaki tu. Fundi na aitunze nguo ya kwanza aliyoishona, ijapokuwa imepinda, ailinganishe na ya leo. Mwalimu na akumbuke ni watoto wangapi mwezi wa Januari hawakuijua herufi hata moja, na sasa wanasoma majina yao. Mwanafunzi na aliweke daftari lake la mwaka jana, alifungue siku anapoona kwamba hasongi mbele. Akiona kwamba mwandiko umenyooka kidogo na makosa yamepungua, hata kama ni mawili tu, na ashike kalamu tena kwa moyo mkunjufu. Na akiona kwamba kweli hapana lililobadilika, asijidanganye; na atafute njia nyingine, kama Steere na Tozer walivyoshuka Morumbala wakaenda Unguja.

Yeyote afikaye Unguja aweza kwenda Mkunazini na kuliona kanisa lile. Akiusogelea ukuta, ataona kwamba umejengwa kwa vipande vingi vya matumbawe visivyolingana, na kila kipande kiliwekwa na mkono wa mtu katika siku yake.